Kazi Zifazo Bila Matanga

Mtu akitoka Arusha mjini kwa daladala kuelekea Usa River, akapata bahati ya kukaa dirishani, hakosi kuona mapagala. Liko la bloku lililoishia kwenye lenta, nondo zake zimepiga kutu. Liko lililopandishwa boma tu na ndani yake imeota migomba. Na liko lile ambalo msingi wake sasa ni mahali pa watoto kuchezea. Watu hawaulizi sana kwa nini nyumba hizo zimekomea hapo. Wanajua. Fedha zilikwisha, au mwenye nyumba alifariki, au ndugu wanagombea kiwanja. Pagala halihitaji maelezo marefu, na hata mwenyewe akipita hapo na mgeni wake huwa na neno la kusema.

Lakini siku hizi yako mapagala ya namna nyingine, nayo hayaonwi na mpita njia yeyote, kwa kuwa yamo ndani ya kompyuta za vijana wetu. Ninasema juu ya programu. Kijana huianza peke yake, usiku, baada ya kazi ya mshahara, akiwa na nia kubwa kuliko mshahara wenyewe. Huijenga mwaka, miaka miwili, mitatu. Halafu, karibu kabisa na siku ya kuitoa kwa watu, huiacha. Haikuungua, haikuibiwa, wala hakuna aliyeikataza. Imeachwa tu.

Msomaji huenda akashangaa mwalimu mzee, ambaye maisha yake ya kazi yalikuwa ya chaki, stensili na karatasi za manila, anatafuta nini katika habari hizi. Jibu langu ni kwamba swali lililomo si la kompyuta. Ni swali la zamani sana: mtu akianza kazi ambayo hakutumwa na mtu, kisha akaiacha kabla haijamfikia mtu, je, amekosa? Na kama amekosa, amemkosea nani?

Swali hilo sikulitunga mimi. Aliniletea mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye hutunza kompyuta za ofisi moja mjini. Mwaka 2021 alianza kutunga programu ya kupanga ratiba ya vipindi kwa shule za sekondari. Kazi hiyo ya ratiba naijua, na ningependa msomaji ambaye hakuwahi kuifanya aielewe kidogo, maana bila hivyo hataona ukubwa wa jambo alilojitwisha yule kijana.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, ratiba tuliipanga juu ya karatasi ya manila iliyofunika meza nzima, kwa vipande vidogo vya karatasi vyenye majina ya masomo, na pini. Ukimhamisha mwalimu wa Fizikia kutoka Jumanne asubuhi, unagundua kwamba umemnyang'anya maabara mwalimu wa Kemia. Ukimtengenezea wa Kemia nafasi nyingine, darasa moja linapata Hisabati mara tatu siku ya Jumatano na Alhamisi halina kabisa. Ukilirekebisha hilo, mwalimu wa Kiswahili anatakiwa awe mahali pawili kwa wakati mmoja, na huyo hata kama ni hodari vipi hawezi. Tulikuwa tukijifungia siku tatu, mimi, makamu wangu na mwalimu wa taaluma, tukitoka hapo hatuongei vizuri. Baadaye sana nilielezwa kwamba wataalamu walithibitisha katika miaka ya 1970 kuwa tatizo la ratiba, likichukuliwa kwa ujumla wake, limo katika kundi la matatizo ambayo mpaka leo hakuna aliyepata njia ya haraka na ya hakika ya kuyatatua yote. Habari hiyo ilinifariji. Kumbe haukuwa uzembe wetu.

Basi mpwa wangu aliweza. Mwaka 2022 alikuja nyumbani Akheri na laptopu yake, tukakaa barazani, akaingiza walimu, madarasa na masomo ya shule moja ninayoifahamu, na chai haijapoa ratiba ikatokea. Niliitafuta kasoro kwa jicho la ukaguzi, nikapata mbili ndogo. Nikamwambia aitoe, shule ziitumie. Akasema bado kidogo.

Hiyo bado kidogo ilidumu miaka miwili. Kila aliponijia, nyumba ilikuwa imeongezwa chumba. Kwanza alama za mitihani, kisha ada, kisha mabweni, kisha zamu za walimu, kisha ujumbe wa simu kwa wazazi. Wakati anaongeza, dunia nayo haikumsubiri. Sera ya elimu ikafanyiwa marekebisho mwaka 2023, mitaala mipya ikaanza kutumika Januari 2024, na mwaka huo huo tahasusi za kidato cha tano zikaongezwa hadi 65, naye alikuwa amejenga programu yake juu ya zile chache za zamani kana kwamba ni amri zilizoandikwa juu ya jiwe. Ilimbidi abomoe ukuta wa katikati. Katikati ya kubomoa, akagundua kwamba yuko mtu wa Romania, Liviu Lalescu, aliyetoa programu ya ratiba iitwayo FET tangu mwaka 2002, inayotolewa bure, na ambayo ameendelea kuitunza mwaka hadi mwaka. Nadhani siku hiyo ndiyo mikono ilimlegea.

Lakini kabla ya siku hiyo alikuwa ameshasema neno. Alikuwa amemwambia mwalimu wa taaluma wa shule moja ya sekondari kwamba Januari 2024 atampa programu, asihangaike na manila. Mwalimu yule mama alimwamini. Januari ilipofika hapakuwa na programu, na simu ya mpwa wangu ikawa haipokelewi. Shule ilikwenda wiki mbili kwa ratiba ya kubahatisha, madarasa mengine yakiwa na walimu wawili mlangoni na mengine hayana hata mmoja. Mwezi wa nne kijana akaja kwangu, safari hii bila laptopu, akaniambia, "Mjomba, nataka kuiacha kabisa. Nikiiacha nitakuwa nimekosa?"

Nimewasikia wazee wenzangu wakisema jambo hili ni uvivu wa vijana. Sikubali hata kidogo. Mvivu haamki saa tisa usiku kwa sababu umeme umerudi. Katika miezi ile ya mgao, mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, ndivyo alivyokuwa akifanya, na saa moja na nusu asubuhi yuko ofisini. Wengine husema ni fedha. Hilo lina ukweli wake, maana nyumba ina watoto na watoto wana ada. Ila uhaba wa fedha hueleza kwa nini kazi inakwenda polepole, hauelezi kwa nini inaachwa zikiwa zimebaki hatua kumi. Pagala la barabarani huishia popote pale fedha zilipoishia. Pagala la kompyuta huachwa kizingitini, ufunguo ukiwa mkononi mwa mwenyewe.

Wala si jambo la vijana wetu peke yao. Mwenye kusoma historia ya mashine hizi atakuta kwamba mzee wao wa kwanza kabisa alikuwa na ugonjwa huo huo. Charles Babbage, Mwingereza, alianza katika miaka ya 1820 kutengeneza mashine ya magurudumu na meno ya kukokotoa majedwali ya hesabu. Serikali ya Uingereza ilimtolea zaidi ya pauni 17,000, ambazo kwa wakati ule zilikuwa fedha za kutisha. Mwaka 1833 alikosana na fundi wake, Joseph Clement, na kazi ikasimama. Je, alitafuta fundi mwingine akaimalizia? Hapana. Mwaka 1834 alikwisha kuanza kuwaza mashine nyingine, kubwa zaidi na ya ajabu zaidi, ambayo ingefuata maagizo ya namna mbalimbali, na ndiyo ile ambayo leo huitwa babu wa kompyuta. Tangu hapo ile ya kwanza ikamchosha. Mwaka 1842 serikali ikajitoa. Kati ya 1847 na 1849 akachora mashine nyingine ya majedwali, nyepesi na bora kuliko ile ya kwanza. Alipofariki mwaka 1871, hakuna hata moja kati yake iliyokuwa imekamilika.

Wakati huo huo, huko Sweden, mchapishaji mmoja jina lake Georg Scheutz alisoma habari za mashine ya Babbage, akaingiwa na hamu. Yeye na mwanawe Edvard wakaamua kutengeneza iliyo ndogo. Waliimaliza mwaka 1853, na baadaye ikanunuliwa na kituo cha kuchunguzia nyota cha Dudley, mjini Albany, Marekani. Haikulingana na uzuri wa michoro ya Babbage, ilikuwa na kasoro zake. Lakini ilikuwapo, mtu aliweza kuzungusha mkono wake na hesabu ikatoka. Na Babbage, nampa heshima yake kwa hili, hakuwaonea wivu. Aliisifu kazi yao mbele ya watu.

Tofauti yao si akili, kwa kuwa hapana shaka Babbage aliwazidi. Mimi naiona tofauti iko hapa: mtu anapojenga anajifunza, na kadiri anavyojifunza ndivyo alichokijenga jana anavyokionea haya. Programu aliyoitunga mpwa wangu mwaka 2021 ilitungwa na mtu aliyejua kidogo. Aliyetakiwa kuitoa mwaka 2024 alikuwa mtu mwingine, aliyejua zaidi, na mtu huyu wa pili alimdharau yule wa kwanza. Kazi ya peke yako ina hatari hiyo, kwamba mwenye kujenga, mwenye kukagua na mwenye kutia sahihi ni mtu mmoja, na mkaguzi hukua kila siku wakati nyumba imesimama.

Chuoni kwetu tulikuwa na dawa ya jambo hili bila kujua kama ni dawa. Mwalimu-mwanafunzi aliye katika mazoezi ya kufundisha angeweza kukesha juu ya andalio la somo moja, afute, aandike upya, atafute kifani cha kulielezea tone la maji. Lakini saa mbili kengele inalia, na watoto arobaini wameshakaa. Ataingia na andalio alilo nalo. Wengi wa waliokuja kuwa walimu wazuri sana niliwaona wakiingia darasani siku ya kwanza na somo bovu. Mtunga programu wa usiku hana kengele wala watoto arobaini, hana hata mkaguzi wa kumtia hofu. Akilala leo hakuna atakayejua. Akifuta kazi ya miezi sita hakuna atakayemwuliza.

Hana mzee wa kazi pia, na hapa nataka nitoke kidogo nje ya njia, kwa kuwa ni jambo ambalo vijana hawalijui. Seremala wa mjini hapa alijifunza kwa seremala, na yuko mzee wa miaka sitini anayeweza kupita kibandani akatazama kabati na kusema, "Hiyo inatosha, ipake vanishi ipelekwe." Katika utungaji wa programu wazee hao kwetu ni adimu, nayo haikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ilikuwa na sababu zake. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na kazi ya kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta ilikuwa imeleta hasara na vurugu. Sitaki kuihukumu kwa akili ya leo. Marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo mpaka ikaondoka, lakini kizazi kimoja kilikuwa kimepita, nacho ni kizazi changu. Watu ambao leo wangekuwa wazee wa kazi hiyo, wenye sauti ya kusema inatosha, ni wachache mno. Mpwa wangu alinijia mimi, mwalimu wa karatasi za manila, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwendea. Amejifunza kwa vijana wenzake na kwa watu wa mbali asiowahi kuwaona, ambao humwonyesha kazi zao zilizokamilika tu.

Haya yote ni kweli, lakini sidhani kuwa ndiyo kiini. Kiini nilikipata siku nilipomwuliza swali la kipumbavu. Nilimwuliza, "Hebu niambie, ukiitoa kesho, keshokutwa unafanya nini?" Alinyamaza kitambo, kisha akaanza kuhesabu. Mwalimu wa shule ya kwanza atapiga simu kwamba programu haifunguki, kumbe kompyuta yao ni ya zamani. Wa shule ya pili atakuwa amesahau neno la siri. Wa tatu ameingiza flashi yenye virusi na majina ya wanafunzi yamepotea, naye hakuweka nakala ya akiba, na atasema programu ndiyo iliyoyala. Halafu kuna majina yenyewe, umri wa watoto, simu za wazazi, alama zao. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika mwezi Mei 2023, mtu anayekusanya taarifa za namna hiyo ana wajibu mbele ya sheria. Halafu kila mtaala ukibadilika, yeye ndiye wa kubadilisha. "Mjomba," akasema, "nikiitoa siku hiyo sijamaliza. Siku hiyo ndiyo naanza, na sitaweza kuacha tena."

Nilimwelewa kwa sababu mimi ni mtu wa mlimani. Sisi wa huku Meru tuna mifereji. Wazee walichimba mifereji ya kuteremsha maji kutoka kwenye mito ya mlima mpaka kwenye migomba kabla hata ya Wajerumani kufika, na ukiuliza mfereji fulani ulikamilika mwaka gani watu watakutazama. Mfereji haukamiliki. Kila msimu unajaa tope na majani, kingo zinabomoka, mti unaanguka, na wenye kunywesha migomba yao humo hutoka na majembe na mapanga kuuzibua. Asiyetoka hutozwa faini. Mfereji ukiachwa miaka miwili unarudi kuwa korongo.

Nasi tumekuwa tukizizungumza programu kana kwamba ni nyumba, ambayo mtu anaijenga, anaezeka, anakabidhi ufunguo na kwenda zake. Programu ni mfereji. Mwaka 2004, kwa mfano, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kuhesabia iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya maana sana, nami nilifurahi kuisikia. Lakini programu mama iliendelea kutolewa upya, na kila toleo huja na maneno mapya yanayongoja kufasiriwa, kwa hiyo kazi ya namna ile haina siku ambayo mtu atasema tumemaliza. Na hiyo ilikuwa kazi ya kundi, yenye chuo kikuu nyuma yake. Ni wachache sana wanaoweza kushika jembe peke yao miaka mingi, kama yule Lalescu, au kama Martin Benjamin, Mmarekani aliyeanzisha mradi wa kamusi ya Kiswahili kwenye intaneti mwaka 1994 akiwa Chuo Kikuu cha Yale na akaendelea nao kwa miongo.

Kwa hiyo kijana anayesita kizingitini si mwoga, au tuseme si mwoga tu. Anaona jambo la kweli. Mpaka jana kazi ilikuwa yake, akipenda aiguse, asipopenda ailaze. Akivuka kizingiti inakuwa deni, na wadai ni watu asiowajua idadi. Akilini hajalisema hivyo, lakini mwili wake umekwisha kuhesabu saa za usiku zilizobaki katika ujana wake, na mikono inakataa. Methali yetu husema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nimewafundisha methali hiyo wanafunzi wengi na sasa ninaitilia mashaka kidogo. Yako maji ambayo mtu huyajua kina chake akiwa amekwisha kuvua nguo, na kuzivaa tena si aibu.

Hapa nitapingwa, na pingamizi lenyewe ni zito. Mtu ataniambia: nchi hii ina maelfu ya shule na walimu wanaojifungia na manila mpaka leo, kijana amepewa akili ya kuwasaidia, akiiacha kazi yake chumbani, hana tofauti na yule mtumwa aliyeifukia talanta. Huku kwetu mahubiri ya talanta tumeyasikia mno, kwa hiyo nimelipima neno hilo kwa muda. Naona mfano haukai sawa. Yule mtumwa alikabidhiwa mali ya mtu mwingine, na bwana wake alirudi. Mpwa wangu hakukabidhiwa shule za Tanzania na mtu yeyote. Hatuwezi kumwekea kijana mmoja, kwa usiku wake, wajibu ambao wizara na halmashauri na vyuo vyenye bajeti wameshindwa kuumaliza, kisha akichoka tumwite mfukiaji. Kumsifu mtu kwa kujitolea ni vizuri, lakini sifa hiyo ikigeuka kuwa hati ya madai tutakuwa tumemdhulumu.

Kwa upande mwingine, yuko mtu mmoja ambaye alikuwa na haki juu yake, naye ni yule mwalimu wa taaluma. Yeye aliahidiwa. Kwa neno la kijana aliacha manila yake kabatini, na wanafunzi mia kadhaa wakalipa gharama. Hilo nililisema wazi, na sikulipunguza kwa kuwa ni mtoto wa dada yangu. Lakini nilimwambia pia alitazame vizuri kosa lenyewe liko wapi. Halikuwa katika kuiacha programu. Kama mwezi wa kumi na moja angempigia simu akamwambia, "Mwalimu, haitakuwa tayari, panga kama ulivyozoea," yule mama angesikitika jioni moja na kesho yake angetoa pini. Lililoumiza ni ile simu iliyolia bila kupokelewa.

Na nimekuja kuona kwamba ukimya huu ni tabia ya kazi hizi zote. Mtu akifa tunaweka matanga. Watu wanakuja, wanakaa, habari inaenea, madeni ya marehemu yanaulizwa hadharani na mwenye kudai anasimama, kisha siku inafika matanga yanaanuliwa na watu wanarudi mashambani. Programu hufa bila matanga. Mwenyewe hasemi imekufa. Husema ameiweka kando, atairudia likizo, atairudia watoto wakikua. Hivyo hailiwi wala haizikwi. Inabaki ndani yake kama maiti isiyozikwa, naye anaona haya kuanza kazi nyingine, na wanaomdai hawajui waende kwa nani. Mpwa wangu alikuwa amekonda, na hakukondeshwa na kazi. Kazi alikuwa ameiacha miezi minne nyuma.

Nilimshauri aende shuleni kwa miguu yake. Alikwenda mwezi Mei. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia maneno ambayo hakunirudia yote, kisha akamwuliza kama basi kuna lolote linaloweza kufanyika kabla ya muhula wa pili. Hapo ndipo kijana alifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa gumu kuliko miaka yake mitatu ya kutunga. Alifungua kompyuta ya shule, akaweka ile FET ya Mromania, akakaa na mwalimu siku mbili wakiingiza madarasa na walimu. Inafanya ratiba tu, haijui ada wala mabweni. Muhula wa pili ulipoanza Julai, ratiba ilikuwa ukutani.

Ama kuhusu programu yake mwenyewe, aliitangaza kuwa imekufa, kwa rafiki zake na kwa mke wake, ambaye nasikia alicheka. Nilimwomba jambo moja tu. Ile michoro ya Babbage ya 1847 hadi 1849 ilihifadhiwa, na kwa kuwa ilichorwa kwa uangalifu, Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London liliifuata likaiunda mashine ya kukokotoa, ikakamilika mwaka 1991, miaka mia mbili baada ya kuzaliwa kwake, na ikafanya kazi. Sikumwomba mpwa wangu angoje miaka mia mbili. Nilimwomba aandike yale aliyoyagundua ili atakayefuata asianzie kwenye msingi. Alinunua daftari kubwa la jalada gumu, na anaandika kwa Kiswahili, jioni, si usiku. Ameanza na namna alivyolitatua lile tatizo la maabara moja kugombewa na madarasa manne, ambalo anasema lilimla miezi mitano. Mara kwa mara hunipigia kuniuliza sisi tulikuwa tukifanyaje. Mpaka naandika haya amefika ukurasa wa ishirini na tatu, na bado yuko maabara.